Mbwa Koko: Nani Mshenzi?

Wahenga walinena kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii hufundishwa madarasani kila mwaka, ila ni nadra itumike kumpima mbwa.

Katika vijiji vya Migori na Homa Bay, iwe kwa Wajaluo, Wakuria au Wasuba, mbwa hafugwi kwa ajili ya sura. Hulinda boma usiku na kuandamana na wachungaji mchana. Karibu na Mbuga ya Taifa ya Ruma, katika Bonde la Lambwe, hubweka fisi anapolinyemelea zizi. Hakuna anayeandika nasaba yake. Ukoo wake huchujwa na mbung'o, kupe, njaa na kazi yenyewe. Anayedumu ndiye anayezaa.

Licha ya hayo, Kiswahili humwita koko au, kwa ukali zaidi, mbwa shenzi. Sifa huwekewa mbwa wa kigeni mwenye cheti cha ukoo.

Tusi hilo lina historia. Mbwa wa kuwindia wa vijiji vya Kongo walipelekwa Uingereza, na mwaka 1937 wakaonyeshwa katika mashindano ya Crufts, London, kwa jina la Basenji, neno la Kibantu lililo ndugu wa "washenzi". Hivyo mbwa wa washenzi akawa mbwa wa zulia. Lakini kizazi chake ughaibuni kilitokana na mbwa wachache mno, na daftari la ukoo likafungwa. Maradhi ya figo yaitwayo Fanconi yakaenea. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wafugaji wa Marekani walirudi Kongo, wakati huo ikiitwa Zaire, kutafuta damu mpya, na mwaka 1990 American Kennel Club ikafungua daftari kupokea mbwa 14. Waliokuwa na vyeti waliokolewa na wasiokuwa navyo.

Haimaanishi kwamba ugeni ni kasoro. Max von Stephanitz, aliyeasisi uzao wa German Shepherd mwaka 1899, alitanguliza kazi kuliko umbo. Kasoro ni kuzalisha kwa kufuata macho pekee.

Nchini Kenya, "kuku wa kienyeji" ni jina la sifa, na bei yake huthibitisha. Kwa nini basi mbwa wa kienyeji abaki koko? Wanakiswahili wana wajibu wa kulisahihisha jina hilo katika maandishi na mafundisho yao. Naye mwenye boma, badala ya kutamani sura ya kununua, ampeleke mbwa wake chanjo. Mpango wa taifa wa mwaka 2014 ulilenga kukomesha vifo vya binadamu vitokanavyo na kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na lengo hilo halitafikiwa ikiwa mbwa aliye wengi ndiye anayedharauliwa.

Mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Methali hiyo haikuuliza rangi wala mkia.