Taa za Magurudumu ya Bodaboda na Deni la Mwanafunzi wa Kiswahili

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa ukiona vyaelea, vimeundwa. Mtu asimamapo usiku kando ya barabara yoyote inayotoka mjini Nakuru huona pikipiki zikipita huku magurudumu yake yakimeremeta kwa mwanga wa kijani, wa zambarau au wa rangi ya machungwa. Aghalabu sisi wasomi hutabasamu, tukasema hayo ni madoido ya vijana wa bodaboda, kisha tukaendelea na safari zetu. Mimi pia nilikuwa miongoni mwa waliotabasamu. Katika makala haya nakusudia kueleza kwa nini nimeacha kutabasamu, na kwa nini naamini kuwa taa hizo zinatudai sisi wanafunzi wa Kiswahili deni ambalo hatujalilipa.

Kwanza, tuitazame hali yenyewe. Tangu serikali ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo zisizozidi sisi 250 mnamo mwaka 2008, bodaboda imekuwa riziki ya vijana wengi ambao vyeti vyao havikuwafungulia mlango wa ofisi yoyote. Marekebisho ya Sheria ya Trafiki ya mwaka 2012 yaliwataka waendeshaji na abiria wavae kofia ngumu na jaketi zenye vimulikio. Hatua hiyo ilikuwa njema. Hata hivyo, pikipiki ina taa mbele na taa nyuma, ilhali ubavu wake hubaki gizani. Nacho kimulikio cha jaketi hakitoi mwanga wake chenyewe. Hungoja kumulikwa na taa za gari. Dereva anayetokea barabara ya pembeni, taa zake zikiwa zimeelekea kwingine, huenda asione kitu hadi dakika ya mwisho.

Hayo sikuyasoma kitabuni. Mdogo wangu wa kuzaliwa, ambaye ni mwanabodaboda, aligongwa ubavuni usiku katika makutano ya namna hiyo akavunjika muundi. Dereva aliapa kuwa hakuona chochote, nami leo naamini kuwa alisema kweli. Miezi ile mdogo wangu alipokuwa kitandani, mguu ukiwa ndani ya plasta, ndipo alipoanza kuchora taa za magurudumu nyuma ya daftari langu la mihadhara.

Jaribio lake la kwanza lilikuwa vile vifuniko vya vali vyenye taa ndogo vinavyouzwa madukani kwa bei rahisi. Huendeshwa na betri ndogo kama za saa, na huwaka gurudumu linapotikisika. Vilimetameta kwa juma moja, kisha kimoja kikapotea njiani na kingine kikazimika mvua iliponyesha. Isitoshe, mwanga wao ulikuwa mdogo mno kumsaidia dereva aliye mbali.

Jaribio la pili lilitokana na tamaa ya wateja. Kila kijana stejini alitaka jina lake lisomeke kwenye gurudumu. Jambo hilo linawezekana. Jicho la binadamu hubaki na picha kwa kitambo kidogo kabla haijafutika; kwa hivyo kijiti chenye safu ya taa za LED kikifungwa kwenye spoksi, na taa hizo zikiwashwa na kuzimwa kwa mpango gurudumu linapozunguka, jicho huona herufi zimesimama hewani. Sumaku ndogo iliyofungwa kwenye foku hukiarifu kifaa kila mzunguko unapokamilika ili maneno yasihamehame. Mdogo wangu alishirikiana na fundi mmoja wa redio wakakiunda kijiti hicho, nacho kikaandika jina barabara pale gereji, pikipiki ikiwa juu ya stendi yake.

Barabarani mambo yalikuwa mengine. Gurudumu lenye nusu kipenyo cha sentimita 30 huzunguka karibu mara 9 kwa sekunde pikipiki ikienda kilomita 60 kwa saa. Kitu kilichofungwa sentimita 20 kutoka katikati ya gurudumu hilo huwa kama kimeongezewa uzito takriban mara 63. Kijiti chetu pamoja na betri yake kilikuwa na gramu 150. Maana yake ni kwamba vifungo vya plastiki vilivyokishika vilibeba mzigo wa kilo 9 na nusu hivi. Vilikatika. Kijiti kikapiga foku, kikaruka mtaroni. Kwa rehema za Mola, hapakuwa na mpita njia.

Kutokana na tukio hilo alipata funzo lililozaa bidhaa anayoiuza hadi sasa: chochote kisichohitaji kuzunguka, kisizungushwe. Taa zake za leo ni vipande vinne vya LED vilivyofungwa imara kwenye foku la mbele na kwenye mkono wa gurudumu la nyuma, kila upande kimoja, vikiangaza spoksi na rimu. Gurudumu ndilo linalozunguka ndani ya mwanga. Ukilitazama kwa ubavu huona duara zima linang'aa, na duara linalokwenda halifanani na taa ya duka wala ya nyumba. Seti nzima hutumia wati 6, yaani nusu ampea kutoka kwa betri ya volti 12. Mteja huchagua rangi. Vifaa humgharimu shilingi 900, naye huuza seti kwa shilingi 1,500.

Hapo ndipo nilipoingia mimi, msomi. Wateja kutoka vituo vya mbali walitaka kununua seti wakajifungie wenyewe. Mdogo wangu akaniambia, "Kaka, wewe ndiye unayesomea Kiswahili. Niandikie karatasi ya maelezo." Nilifurahi kupindukia. Niliketi maktabani jioni nzima, nikaandika maelezo ambayo mhadhiri yeyote angeyapa alama za juu. Niliandika kuwa mnunuzi aunganishe taa na "chanzo cha nishati kinachodhibitiwa na kiwashio", na kwamba asisahau "kikatizi cha umeme" kati ya betri na taa. Nikachapisha nakala 40.

Mteja wa kwanza alirudi akilalamika kuwa taa zake huwaka pale tu anapobonyeza kitufe cha kuwashia injini, kisha huzima. Alikuwa amesoma "kiwashio" akaelewa kitufe hicho. Tulicheka. Wa pili hakurudi kucheka. Yeye alisoma "kikatizi cha umeme" akaelewa swichi, kwa kuwa swichi ndiyo hukata umeme. Alifunga swichi nzuri, akaiacha fyuzi ndani ya pakiti akidhani ni kipuri cha ziada. Baada ya siku chache waya ulisuguana na foku hadi ngozi yake ikatoboka, ukagusa chuma, ukapiga shoti. Kwa kuwa hapakuwa na fyuzi ya kukatika, waya zikayeyuka hadi chini ya kiti. Aliruka kutoka kwenye pikipiki yenye moshi akiwa na abiria. Hakuna aliyeumia, lakini pikipiki ile haikuwa yake. Alikuwa akimlipa mwenyewe kila jioni. Kwa siku tatu alikaa stejini bila kazi huku deni likiongezeka. Mdogo wangu alilipia matengenezo kwa faida ya seti kadhaa. Hakunilaumu kwa neno lolote. Aliniletea tu ile fyuzi iliyobaki, akaiweka juu ya kamusi yangu.

Wasomaji wenzangu, kosa lile halikuwa la waya. Lilikuwa la istilahi, na mwenye kulitenda nilikuwa mimi.

Nilirudi gereji bila kalamu. Kwa siku mbili nilisikiliza tu. Niligundua kuwa mafundi wana lugha kamili na yenye mpangilio. Waya unaoleta umeme ni "waya wa moto". Ule unaofungwa kwenye chuma cha pikipiki "unakwenda bodi". Waya unaopata umeme baada ya ufunguo kuzungushwa ni "waya wa ufunguo". Umeme ukipita pasipostahili, waya "umepiga shoti". Hakuna aliyeniuliza maana ya maneno hayo, kwa kuwa wote walikuwa wakiyajua. Maelezo mapya yakawa hivi: "Waya mwekundu ufunge kwenye waya wa ufunguo, si moja kwa moja kwenye betri. Weka fyuzi ya ampea 1 mwanzoni mwa waya huo mwekundu. Usipoweka fyuzi, waya ukipiga shoti pikipiki inaweza kuungua. Waya mweusi ufunge bodi." Tukaongeza sababu ya kutumia waya wa ufunguo: taa zikifungwa kwenye betri moja kwa moja na kusahauliwa usiku kucha, saa 10 za nusu ampea zinatosha kuimaliza betri ya saa-ampea 5. Kabla ya kuchapisha, tulimpa mwanabodaboda mmoja pakiti na karatasi, tukanyamaza, tukamtazama akifunga. Alipokwama, tulibadilisha sentensi, hatukumlaumu msomaji.

Najua pingamizi litakalotolewa. Wapo watakaosema kuwa huku ni kuiuza lugha sanifu kwa Sheng na ukopaji wa kiholela. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Meza tuliitwaa kutoka kwa Wareno, shule kutoka kwa Wajerumani, gari kutoka Kihindi, na hakuna anayethubutu leo kuyaita maneno hayo mageni. Fyuzi imekwisha kupata vazi la Kiswahili. Ina irabu yake ya mwisho na huingia katika sentensi bila kujikwaa. Tumetumia miaka mingi tukizozana iwapo tuseme tarakilishi, ngamizi au kompyuta, na iwapo simu ya mkononi iitwe rununu. Mizozo hiyo haikumchoma mtu yeyote. Istilahi iliyo kwenye karatasi ya maelezo ya umeme inaweza kumchoma. Usanifu wa lugha haupimwi kwa ugumu wake.

Hata hivyo, sisemi kuwa gereji inajua yote na chuo hakijui lolote. Mafundi walitaka kuandika juu ya pakiti "taa za usalama" pasipo maelezo zaidi. Niliwakatalia, kwa kuwa neno usalama ni ahadi. Mnunuzi angeweza kudhani kuwa akiwa nazo hahitaji tena taa kuu wala jaketi. Tuliafikiana kuandika kuwa taa hizi huongeza kuonekana kwa ubavu, na kwamba hazichukui nafasi ya taa za pikipiki. Tuliongeza pia kuwa rangi nyekundu isiangaze mbele, kwa sababu barabarani nyekundu humwambia dereva kuwa anatazama mgongo wa chombo. Na kuwa haturuhusu buluu inayomwekamweka, kwani hiyo ni ishara ya magari ya dharura. Baadhi ya wateja waliotaka buluu waliondoka na pesa zao. Kupima uzito wa neno, kuona linapoweza kueleweka kwa namna mbili, kutambua ahadi iliyojificha ndani ya sifa: hiyo ndiyo kazi tuliyofundishwa katika semantiki na uhakiki. Tatizo letu ni kuwa tunaifanya kazi hiyo juu ya riwaya na mashairi pekee.

Fauka ya hayo, jambo hili ni haki ya raia. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi kikamilifu bidhaa aliyoinunua, na haki ya kulindwa afya na usalama wake. Tukivisoma vifungu hivyo viwili pamoja, pakiti ya taa iliyoandikwa Kichina na Kiingereza pekee, ikauzwa kwa kijana asiyezisoma lugha hizo, imemnyima haki yake. Nayo pakiti iliyoandikwa Kiswahili kisichoeleweka imemnyima haki ileile.

Napendekeza basi kwa chama chetu na kwa wahadhiri wetu jambo moja. Kila mwanafunzi anayechukua kozi ya tafsiri apelekwe kwa fundi mmoja wa jua kali: wa pikipiki, wa majiko, wa pampu za maji, wa kuchomelea vyuma. Aandike karatasi moja ya maelezo ya bidhaa ya fundi huyo. Karatasi hiyo isisahihishwe kwa kalamu nyekundu pekee. Apewe mtu asiyeijua bidhaa hiyo, aifunge au aitumie mbele ya mwandishi, naye mwandishi akatazwe kusema neno. Alama zitolewe kwa kadiri mtu huyo alivyofaulu. Maneno yatakayokusanywa humo yachapishwe katika jarida hili kila mwaka, ili wanaotunga kamusi wapate pa kuanzia.

Ile fyuzi ningali nayo mezani mwangu. Mdogo wangu anaendelea kuuza taa zake, na amenieleza kuwa angali anatafuta namna salama ya kuandika majina kwenye magurudumu. Atakapoipata, atahitaji karatasi nyingine ya maelezo. Safari hii nitaanzia gereji, na nawaalika wenzangu tuandamane.