Tulimpenda kwa Masikio

Na Njoki Mwaura

Mtu akiyashika mazungumzo hapa Murera na asitake kuyaachia, hakosi mzee wa kumkatiza: "Kadenge na mpira! Kadenge na mpira!" Watu wanacheka, hata vijana waliozaliwa miaka mingi baada ya Joe Kadenge kutundika daluga. Nimekuwa nikiwauliza mashabiki wake wa zamani, kuanzia hapa hadi Juja na Ruiru, walimwona akicheza wapi. Wengi hawakumwona. Walimsikia.

Kadenge alikuwa mtu wa Vihiga. Alichezea Maragoli United, kisha Abaluhya, klabu iliyoundwa mwaka 1964 ambayo tangu 1980 tunaijua kama AFC Leopards. Mechi kubwa zilikuwa Nairobi, na kibarua wa mkonge au wa kahawa huku kwetu hakuwa na nauli ya kwenda kushangilia, sembuse pesa za kiingilio. Chake kilikuwa redio, na mara nyingi redio yenyewe ilikuwa ya mtu mmoja kwa laini nzima ya nyumba za vibarua.

Mzee mmoja aliyekulia kwenye laini za mkonge alinisimulia walivyokuwa wakianika betri juani tangu asubuhi ili zipate moto wa dakika 90. Siku ya kuamkia mechi, mtoto haruhusiwi kuigusa redio, na nyimbo hakuna. Moto uliobaki ni wa Kadenge. Halafu akachukua vifuniko vya soda pale mezani, akavipanga, akanionyesha bao. Kifuniko hiki beki, hiki kipa, hiki Kadenge. Akakisukuma kulia, akakirudisha ndani, akakipitisha katikati ya viwili. "Beki huyu alibaki amekaa chini," akasema. Nikamwuliza alijuaje, na yeye alikuwa Murera. Akanikazia macho. "Si Mbotela alisema!"

Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji wa redio aliyeuvumisha ule msemo wa "Kadenge na mpira", alikuwa mzaliwa wa Freretown kule Mombasa, na aliingia Sauti ya Kenya mwaka 1964. Hebu fikiria: klabu yenye jina la kabila, mchezaji Mmaragoli, mtangazaji wa Pwani, na wasikilizaji Wakikuyu, Wakamba na Wajaluo waliobanana kuizunguka redio moja shambani. Kiswahili cha Mbotela kilimtoa Kadenge Vihiga kikamfikisha kwenye kila laini, na huko akawa wa kila mtu. Kipaji kilikuwa cha Kadenge, hilo halina ubishi. Lakini upendo ule wa nchi nzima sidhani aliupata kwa miguu yake peke yake, na inaniuma kuona tunavyolisahau hilo kila tunapolalamika kwamba vijana hawathamini soka ya nyumbani.

Kadenge alifariki tarehe 7 Julai 2019, akiwa na miaka 84, siku chache baada ya Harambee Stars kutolewa katika Kombe la Afrika kule Misri. Katika maisha yake ya baadaye aliwahi kuendesha teksi Nairobi, na habari hiyo imeandikwa mara nyingi kuliko habari za chenga zake. Mbotela naye alituacha Februari 2025. Picha za video za enzi zile ni adimu mno, kwa hiyo sehemu kubwa ya Kadenge tuliyebaki naye imo vichwani mwa wazee hawa wa vifuniko vya soda.

Sasa tuje karibu. Thika United ilicheza Ligi Kuu hadi iliposhuka daraja mwaka 2018. Francis Kahata alipitia hapo kabla ya kwenda Gor Mahia na baadaye Simba ya Dar es Salaam. Utaje mguu wake wa kushoto kwenye steji ya matatu pale Thika uone watu wanavyochangamka. Lakini waombe wakusimulie bao moja tu alilofunga akiwa na Thika United, na maneno yanapungua. Ya Simba wanayo tele, kwa sababu Watanzania walimtangaza. Wenzetu wana vituo vya redio vinavyoisimulia ligi yao kwa mapenzi, mchana kutwa, na mchezaji akipita huko anabaki midomoni mwa watu.

Kwetu, wikendi ikifika, watangazaji wetu wa Kiswahili wenye sauti tamu wanatutangazia Arsenal na Manchester United. Kazi wanaifanya vizuri sana, na vibanda vya kuonyesha mpira hujaa. Ila mvulana anayefunga bao zuri uwanja wa Thika Jumapili hiyohiyo hana wa kumtaja jina. Miaka 40 ijayo atapangiwa vifuniko na nani?

KBC, mrithi wa Sauti ya Kenya, ina maktaba ya sauti. Itafute chochote kilichobaki cha Mbotela na Kadenge, ikirushe hewani saa ambayo watoto hawako shuleni. Na vituo vyenye wadhamini vilete mtangazaji mmoja Thika, hata kama ni mara moja kwa mwezi. Wakikosa wa kumtuma, waje Murera. Yupo kijana hapa anayetangaza mechi za mtaa kwa kipaza sauti cha kukodi, anamtaja kila mchezaji kwa jina, na akina mama wanaouza mboga kando ya barabara wanajua ni mwana wa nani aliye na mpira. Anachohitaji ni nauli na kituo cha kumrusha hewani.