Bwana Shamba na Bwana Afya katika Ghala Moja



Mtu akiuliza habari za maendeleo ya Mkoa wa Morogoro, hujibiwa kwa hesabu mbili. Ya kwanza ni hesabu ya magunia: mahindi mangapi, mpunga kiasi gani, mifereji mingapi imechimbwa. Ya pili ni hesabu ya zahanati: watoto waliochanjwa, vyandarua vilivyogawiwa, akina mama waliojifungulia mikononi mwa wauguzi. Hesabu zote mbili ni njema, wala mimi sizidharau; wazee wetu wangalifurahi kuziona. Lakini huandikwa katika madaftari mawili, na watu wawili, ambao hukutana kwa nadra. Bwana Shamba hupima gunia, Bwana Afya hutazama choo na kisima, na muuguzi hupima mtoto. Nani apimaye kilichomo ndani ya gunia kabla hakijaingia ndani ya mtoto? Hiyo ndiyo habari ya mwezi huu, nayo yahusu Kilosa na Mikumi kwa namna ya pekee.

Kwa ajili ya wasomaji wa mbali, yafaa niseme kwanza nchi yenyewe ilivyo. Kilosa iko upande wa magharibi wa mji wa Morogoro, chini ya milima, kando ya mto Mkondoa, na Reli ya Kati imepita hapo tangu zamani za Wajerumani. Mashamba ya mkonge ya Kimamba na Rudewa yalijulikana hata Ulaya. Ukienda kusini wafika Mikumi, penye barabara kuu iendayo Iringa na Hifadhi ya wanyama iliyowekwa mwaka 1964. Udongo wa mabonde hayo una rutuba, na maji yapo. Pengine yapo kupita kiasi, kama watu wa Kilosa walivyoona mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzo wa mwaka 2010, Mkondoa ulipovunja tuta lake, ukakata reli, na maelfu ya watu wakalala katika mahema. Tena nchi hiyo ina mvua mbili, ya vuli na ya masika. Msomaji azishike mvua hizo mbili moyoni, maana tutazirudia.

Kazi ya kilimo katika Kilosa si ya jana. Karibu na mji ipo Ilonga, penye kituo cha utafiti na chuo cha mabwana shamba. Kazi ya mbegu za mahindi za Staha na TMV-1, zifaazo nchi za joto na zivumiliazo ugonjwa wa milia, ile mistari myeupe ya majani inayolidumaza shina lisizae, ni katika matunda ya utafiti wa namna hiyo. Mtu aliyekuwa akivuna debe chache alianza kuvuna magunia. Hapo ndipo ghala lilipokuwa jambo kubwa, kwa kuwa asiye na kitu hahitaji ghala.

Kisha akaja mdudu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alionekana katika Mkoa wa Tabora dumuzi mpya, mgeni aliyetoka Amerika ya Kati, mwenye meno yasiyojua huruma. Wakulima wakamwita Skania, kwa jina la yale magari makubwa ya mizigo. Alienea nchi nzima, na palipokuwa na gunguri la mahindi pakabaki unga na pumba. Basi mabwana shamba wakafundisha watu kuacha desturi ya zamani ya kuweka mahindi na magunzi yake juu ya dari la jikoni, moshi ukiyafuka. Wakasema: pukuchueni, changanyeni na dawa ya unga, tieni katika magunia. Lilikuwa shauri jema, na liliokoa chakula kingi. Ila mahindi ya darini yalizidi kukauka kila siku mama alipowasha moto, hata kama yalivunwa yakiwa na unyevu. Mahindi yaliyopukuchuliwa na kufungwa gunia hayakauki tena. Hubaki na maji yale yale yaliyoingia nayo. Shauri la kupukuchua lilihitaji shauri la pili, la kukausha kwanza, na hilo la pili halikutiliwa nguvu kama la kwanza.

Upande wa afya nao una sifa zake. Wazee wakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu walipokusanyika katika vikundi kusikiliza redio, kisha wakatoka na majembe kwenda kuchimba vyoo. Watu wazima kama milioni 2 walishiriki katika Tanzania Bara. Katika mkoa wetu huu huu wa Morogoro, wilaya za Kilombero na Ulanga, ulianza mwaka 1997 mpango wa vyandarua vyenye dawa, na waganga wa Ifakara walipofanya hesabu waliona kuwa vifo vya watoto waliovitumia vimepungua kwa kadiri ya robo. Habari hiyo ilisaidia kuipa nchi moyo, na mwaka 2004 akina mama wajawazito wakaanza kupewa hati punguzo za kununulia chandarua. Na tangu mwaka 2002 watoto wachanga huchanjwa homa ya ini ya aina ya B. Watu wengi huipita chanjo hiyo bila kuijali, kwa kuwa ugonjwa wenyewe hauonekani utotoni. Mimi naitaja kwa kusudi.

Sasa tuje kwenye sumukuvu. Neno hili ni jipya, lakini kitu chenyewe ni cha kale. Ni sumu inayotolewa na kuvu, ule ukungu wa kijani au wa manjano uotao juu ya mahindi na karanga zenye unyevu. Wataalamu waliitambua baada ya mwaka 1960, bata mzinga zaidi ya laki moja walipokufa Uingereza kwa kulishwa mashudu ya karanga yaliyooza. Haina harufu wala ladha. Kuchemsha hakuiondoi, ugali ulioiva vizuri waweza kuwa nayo kama unga mbichi. Mtu akila nyingi kwa mara moja, macho huwa manjano, tumbo hujaa maji, naye aweza kufa kwa siku chache. Akila kidogo kidogo miaka mingi, ini lake huharibika na hupata saratani. Na kama anayo ile homa ya ini ya aina ya B, hatari huongezeka mara nyingi. Watoto walao chakula chenye sumu hiyo wameonekana pia kudumaa.

Hii si hadithi ya nchi za mbali. Mwaka 2004, katika Makueni na Kitui huko Kenya, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. Mwaka 2016 msiba ulifika kwetu: katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua watu 68, wakafa 20. Mkoa wa Dodoma umepakana na Kilosa. Nao hawakununua sumu hiyo sokoni. Wengi waliila katika mahindi waliyoyalima wenyewe, wakayaweka nyumbani mwao. Wachunguzi waliopima mahindi ya nyumba za wakulima wa Kilosa walikuta sumukuvu humo pia.

Kwa nini Kilosa? Rudini kwenye zile mvua mbili. Mahindi ya masika huvunwa wakati wa kiangazi, na jua husaidia. Lakini mahindi ya vuli hukomaa karibu na masika kuanza, na mkulima hujikuta kati ya mawingu na haja. Huyaanika uani juu ya udongo mtupu, mahali hasa ambapo kuvu yenyewe huishi. Mvua ikinyesha huyakusanya mbio mbio, kesho huyatandaza tena, kesho kutwa huyafunga. Twamsifu Yusufu kwa kuweka akiba ya miaka saba, nasi twafanya vema. Lakini Misri ni nchi kavu, naye hakuwa na mvua ya masika mlangoni.

Mikumi wana taabu yao nyingine. Ndovu hawajui mpaka wa Hifadhi. Mahindi yakianza kukomaa, mkulima hupanda dunguni, akalinda usiku na debe la kupiga na moto wa kutishia. Wengine wamejifunza kuzungushia shamba kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu, na huwasaidia. Serikali nayo ina utaratibu wa kifuta jasho kwa aliyeharibiwa mazao, ijapokuwa jasho lenyewe ni jingi kuliko kitambaa. Lakini tazameni mambo mawili. Mlinzi wa dunguni ameacha chandarua nyumbani, na mbu wa malaria huuma usiku. Basi yule aliyehesabiwa na Bwana Afya kuwa ana chandarua halali ndani yake katika miezi hiyo. Tena mtu aogopaye ndovu hushawishika kuvuna mapema, mahindi yakiwa bado na maji, kwa kuwa yaliyomo nyumbani ni yake na yaliyo shambani ni ya ndovu pia. Simlaumu. Ila mahindi hayo yahitaji jua zaidi ya yote, nayo huenda yakapata kidogo kuliko yote.

Liko jambo moja linalonisikitisha kupita mengine. Mama hufika kliniki na mtoto mwembamba, na muuguzi humshauri achanganye unga wa lishe: mahindi, karanga, pengine na mtama. Ni shauri la haki, maana uji wa mahindi matupu haumjengi mtoto. Mama aliye mtiifu hurudi nyumbani. Karanga nzuri ameziuza, maana mnunuzi huchagua. Zilizobaki ni zile zilizokunjamana, zenye madoa. Husaga hizo. Karanga na mahindi ndiyo mazao yapatwayo na sumukuvu kuliko karibu mengine yote, na punje mbovu ndizo zenye sumu nyingi. Hivyo mama huyo, kwa kutii, aweza kumpa mtoto wake fungu baya kuliko alilouza mjini. Je, muuguzi alimwambia achague punje? Je, Bwana Shamba alimwambia kwamba punje zile hata kuku asipewe?

Sheria ipo. Chakula kiuzwacho hakiruhusiwi kuwa na sumukuvu zaidi ya sehemu 10 katika sehemu bilioni, na tangu mwaka 2019 Shirika la Viwango ndilo lenye kusimamia usalama wa chakula. Lakini sheria hiyo hukutana na mahindi sokoni na kiwandani. Mahindi yatokayo dunguni yakaenda uani, yakaenda guniani, yakaenda chunguni, hayakutani na mkaguzi hata mmoja. Na katika Kilosa hiyo ndiyo njia ya chakula cha nyumba nyingi.

Kwa hiyo lipo ombi kwa wakuu wa mkoa na wa halmashauri, nalo si la fedha nyingi. Mabwana shamba na wauguzi wa kata moja wakutane mara moja kabla ya kila mavuno, wakae na wanakijiji siku hiyo hiyo, mahali hapo hapo, waseme neno moja. Kipimo cha unyevu, kile chombo kidogo cha mkononi, kiwepo katika kila ofisi ya kata, kisiwe kitu cha kuonyeshwa tu kwenye viwanja vya Nane Nane pale Morogoro mwezi wa Agosti, ambapo mahindi yote hung'aa. Na hesabu ya mwaka iandike siyo magunia yaliyovunwa tu, bali na nyumba ngapi zina kitu cha kuanikia.

Nanyi walimu, msingoje kipimo. Twaeni chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, na chumvi kavu kijiko kimoja au viwili; tieni chumvi, kisha mahindi hata kujaza theluthi ya chupa, fungeni, tikiseni dakika chache, mwache kidogo. Chumvi ikishikamana na kioo, mahindi bado yana maji, yarudi juani. Isiposhikamana, yamekauka yapata kiasi cha kuwekwa. Watoto wa darasa la tano wanaweza kufanya jaribio hilo kwa mahindi ya nyumbani kwao, na kila mmoja akapeleka jibu kwa mama yake.

Tena akina baba, yapaswa kununua turubai kabla ya kununua gunia la pili. Kama halipo, jamvi au mkeka mkubwa hufaa. Lililo muhimu ni mahindi yasiguse udongo. Mifuko ile ya tabaka tatu isiyopitisha hewa humwua Skania bila dawa, nami naisifu, ila usitie ndani yake mahindi mabichi, maana haikaushi. Kabla ya kusaga, chagueni punje kwa mkono: zilizooza, zilizovunjika, zenye rangi ya kijani, zitengwe na kufukiwa, wala zisipewe mifugo wala zisipikwe pombe. Kukoboa pia hupunguza sumu, kwa kuwa nyingi hukaa katika ganda na kiini. Na pumba za mahindi yenye mashaka zisiende kwa kuku.

Mavuno ya vuli huja na mawingu yake. Nyumba iliyo na turubai tayari itakuwa imeanika siku ya kwanza ya jua.