Beleshi na Mfuko wa Kupandia Miti: Uimara Kwanza, Bei Baadaye

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, na neno hilo halihusu jiko peke yake. Katika kaya nyingi za wilaya ya Kasese, magharibi ya Uganda, kuanzia Hima hadi Bwera karibu na mpaka wa Kongo, fedha ya kununulia zana za shamba hutoka katika kibweta kile kile kinachotoa ada ya shule na fedha ya chumvi. Si ajabu basi kwamba mama au baba aendaye dukani kabla ya mvua huvutwa na beleshi la bei ya chini. Lakini beleshi la kupandia miti thamani yake haihesabiwi siku ya kulinunua. Huhesabiwa mwaka wa pili, kwa idadi ya miche iliyobaki hai.

Haja ya miti katika nchi hiyo inaeleweka na kila mtu. Tarehe 1 Mei 2013 mto Nyamwamba, ushukao kutoka milima ya Rwenzori, ulifurika na kuleta hasara kubwa Kilembe na Kasese. Mwaka 2014 ulifurika tena. Mei 2020 mito kadhaa ya wilaya ilivunja kingo zake, na hospitali ya Kilembe nayo ikaharibiwa. Miti peke yake haiwezi kuzuia gharika ya kiasi hicho. Hata hivyo mizizi yake hushika udongo wa miteremko, hupunguza kasi ya maji yatiririkayo juu ya ardhi, na matawi yake huipa kaya kuni na kivuli cha kahawa.

Mvua huko huja mara mbili kwa mwaka: Machi hadi Mei, na tena tangu Agosti au Septemba hadi Novemba. Mche hauna budi kupata mizizi ya kutosha kabla jua la kiangazi halijaanza. Beleshi likivunjika katika juma la pili la mvua, mkulima hubakiwa na njia mbili, na zote ni mbaya. Akichimba mashimo mafupi kwa zana mbovu, mizizi hukunjika na mche hufa kiangazi. Akingoja zana nyingine, miche huzidi kukua kitaluni, mizizi ikijizungusha ndani ya viriba vyake, na mti ulioanza hivyo mara nyingi hudumaa au kuangushwa na upepo.

Kabla ya kununua, yafaa kuipima kazi yenyewe. Miti ikipandwa kwa nafasi ya meta 3 kila upande, ekari moja huchukua miche ipatayo 450. Shimo la sentimeta 30 kwa urefu, upana na kina hutoa lita 27 za udongo. Kwa mashimo 450 udongo huo ni zaidi ya meta 12 za ujazo, yaani si chini ya tani 15. Mzigo huo wote hupita juu ya kipande kimoja cha chuma na mpini mmoja. Beleshi lililotengenezwa kwa chuma chembamba kama bati haliwezi kuumaliza.

Jambo la kwanza la kutazama ni umbo. Hima ni mji wenye kiwanda cha saruji, na wajenzi hupenda beleshi pana lenye mdomo wa mraba. Hilo hufaa kuzoa mchanga na kuchanganya zege, lakini halipenyi ardhini. Mpanda miti ahitaji beleshi lenye ncha ya mviringo, jembamba kiasi, lenye ukingo wa juu uliokunjwa ili mguu ukanyage bila kuumia.

Jambo la pili ni chuma na shingo. Beleshi laning'inizwe kwa mkono mmoja na kugongwa kwa jiwe dogo: chuma kizima hulia kama kengele, na chenye ufa hutoa sauti ya mfu. Kisha ncha ikandamizwe chini kwa mguu. Chuma kizuri hupinda kidogo na kurudi, kibaya hubaki kimepinda. Mnunuzi aligeuze na kutazama mgongo. Pale tundu la mpini linapokutana na bapa ndipo mabeleshi mengi yavunjikapo. Shingo iliyofuliwa pamoja na bapa ni imara kuliko ile iliyochomelewa, na shingo ndefu huushika mpini vizuri kuliko fupi. Ribiti ziwe mbili na zisitikisike. Rangi nene inayong'aa isimdanganye mtu, kwani yaweza kuficha ufa au uchomeleaji mbaya.

Mpini nao una kanuni zake. Nyuzi za mti zifuate urefu wa mpini tangu juu hadi chini. Zikikatiza kwa mshazari, utavunjika hapo. Usiwe na fundo wala ubichi, maana mti mbichi ukikauka hulegea katika tundu lake. Urefu ulingane na mtumiaji. Katika nyumba ambamo mama ndiye achimbaye zaidi, ni yeye apaswaye kulishika dukani na kulipima, si mumewe. Beleshi zito mno humchosha mchimbaji kabla ya saa nne, na mashimo ya mwisho huwa mafupi kuliko ya kwanza.

Hata beleshi bora huharibiwa kwa kupewa kazi isiyo yake. Penye mawe, kama katika miteremko mingi ya Rwenzori, ardhi ivunjwe kwanza kwa sululu au mtaimbo. Beleshi lije baadaye kuzoa. Atakayeng'oa jiwe kwa kulitumia beleshi kama wenzo atalivunja shingo, na kosa halitakuwa la mwenye duka.

Baada ya beleshi huja mifuko, nayo ni ya aina mbili. Aina ya kwanza ni viriba vya kuoteshea miche. Plastiki nyembamba mno hupasuka kitaluni, na udongo humwagika mizizi ikibaki wazi. Kiriba kiwe na uimara wa kunyanyuliwa kikiwa kimejaa udongo mbichi, tena kiwe na matundu ya kutolea maji chini. Siku ya kupanda lazima kiondolewe chote na kukusanywa, kwa sababu plastiki haiozi, nayo huizuia mizizi kutanuka. Asiye na fedha ya viriba anaweza kutumia magamba makavu ya migomba yaliyofungwa kama vikombe. Hayo hudumu muda mfupi, lakini huoza ardhini bila kuacha uchafu.

Aina ya pili ni mfuko wa kuchukulia miche hadi shambani. Mche ulio katika kiriba waweza kufika nusu kilo. Miche 450 basi ni zaidi ya kilo 200 za kupandisha mlimani. Mfuko ufaao ni wa turubai nzito, wenye kitako cha tabaka mbili ili miche isimame wima. Mishono iwe miwili sambamba kwa uzi wa nailoni, kwa kuwa uzi wa pamba huoza kwa unyevu. Mikanda iwe mipana na ishonwe hadi chini ya kitako, si kwenye mdomo wa mfuko tu. Bakonzo wamelijua jambo hili tangu zamani: wapagazi wao hupandisha mizigo milimani kwa mkanda upitao kwenye paji la uso, nao hujua kwamba mkanda mwembamba hukata ngozi kabla safari haijafika nusu.

Huko Kanada wapandaji huvaa mifuko kiunoni, na aliyezoea hupanda miche zaidi ya elfu moja kwa siku. Lakini miche yao ni midogo na ina udongo kidogo sana. Kuiga mfuko wao kwa miche ya viriba ni kuvunja kiuno bure. Jambo la kuiga ni jinsi wanavyogawa uzito pande zote mbili za mwili na kuikinga mizizi isipigwe na jua.

Magunia ya plastiki yaliyofumwa ni nafuu, ila yakiachwa juani hukatikakatika. Mifuko mitupu ya saruji isitumiwe kubebea miche: vumbi la saruji likilowa huwa kali, huunguza ngozi ya mbebaji na kuidhuru mizizi.

Zana zikisha kununuliwa, matunzo ni ya kila jioni: beleshi lioshwe, likaushwe na kupakwa mafuta kidogo; ncha inolewe kwa tupa kila inapokuwa butu; mfuko uanikwe kivulini. Na pale ambapo bei ya beleshi imara inashinda nguvu ya kaya moja, majirani wanaweza kuchanga. Mabeleshi manne ya kweli yanayozunguka katika nyumba nane, kila nyumba ikiwa na siku yake, yatapanda miti mingi kuliko manane ya bati yatakayolala uani yamevunjika huku mvua ikinyesha.