Ajansi ya nyumba: muulize mwenye alitoka

Ndugu wachimbaji, na ninyi wamama wenye munabaki na funguo wakati bwana iko ku poste ya usiku: leo tuongee juu ya nyumba ya kupanga, na juu ya watu wenye wanatuonyesha fasi ya kuitafuta.

Katika bisi ya kazi, mambo ya mushahara yanaongewa kwa sauti ya chini. Lakini nyumba, kila mutu anasema kwa nguvu, na kila mutu iko na ajansi yake ao komisionere wake. "Kwenda kwa bale, bale njo bazuri." Asubui mutu anafika kwake, anaambia bibi yake jina la ajansi, na kisha siku mbili dola zimekwisha kutoka.

Mama mumoja wa komine ya Manika, ku Kolwezi, alituuliza neno la namna hiyo. Bwana yake alitoka Likasi sababu alipata kazi ku kampuni ya shaba na kobalti. Kwa sasa wanalala kwa shemeji, watoto wanne, chumba kimoja. Mwenzake wa ekipe alimupatia jina la ajansi na maneno haya: "Wako mbio, hawana matata, wako na biro ya kweli, hata shefu wetu alipitia kwao." Mama anauliza: tufuate, ao tuache?

Mimi naona hivi. Ule mwenzake wa ekipe hasemi uongo. Lakini maneno yake yote ni ya mutu mwenye aliingia. Hakuna hata neno moja la mutu mwenye alitoka. Na ajansi ya nyumba ni kama vile kampuni ya kazi: unaijua vizuri siku ya kutoka.

Tulimuomba mama aulize kitu kimoja tu: huyo rafiki aliingia lini katika nyumba yake? Jibu likarudi: mwezi wa saba. Basi, mwezi wa saba hakuna mvua kwetu. Mutu mwenye aliingia mwezi wa saba hajajua kama paa inavuja, hajajua kama maji ya barabara inaingia mu salon, hajajua kama kisima kinajaa uchafu. Anajua rangi mupya ya ukuta na uso wa yule wa ajansi mwenye alimupeleka na motere. Na hajaomba bado garanti yake irudi. Hapo njo kesi iko.

Tufanye hesabu, kwa mufano tu. Nyumba ya dola 200 kwa mwezi. Sheria nambari 15/025 ya tarehe 31/12/2015 juu ya kupangisha nyumba inasema garanti ya nyumba ya kuishi isipite miezi tatu. Wenye nyumba wengi wanaomba sita bila haya, lakini tukamate ile ya sheria: ni dola 600. Ajansi nayo, kama vile inafanywaka mara mingi, inaomba mwezi moja kuwa komisyo: dola 200. Mbele ya kulala hata usiku mumoja, familia imetosha 800, na bado haujalipa gari ya kuhamisha vitu wala franga za kutembelea nyumba zenye haukuzipenda.

Zile 200 zilienda, hazirudi, na ni haki ya mutu mwenye alifanya kazi. Lakini 600 ni mali yako. Ziko wapi? Mara mingi mwenye nyumba amekwisha kununua nazo simenti ya nyumba ya pili. Siku unatoka, anakuambia: "Baba, vumilia, nangojea mupangaji mupya alipe." Ao anaonyesha ukuta, anasema mulango ulikuwa muzima, kioo kilikuwa kizima, basi garanti imeisha mu reparasyo. Siku ile ajansi inafanya nini? Kuko ajansi zenye zinakuja na ile karatasi ya hali ya nyumba yenye mulisainia pamoja siku ya kuingia, zinasoma chumba kwa chumba, na mwenye nyumba anakosa maneno. Kuko zingine zenye zinajibu ku telefone: "Yetu iliisha siku ya kuingia." Siku ya kuingia, hizo mbili zinafanana kabisa. Zote ziko mbio, zote zinacheka na wewe, zote hazina matata. Ndiyo maana maneno ya mutu wa miezi mbili, hata akuwe mutu wa Mungu, hayana uzito mukubwa.

Tena tuangalie fasi ajansi inapata chakula chake. Inalipwa wakati mutu anaingia. Ukikaa miaka tano kwa amani, kwake ni sifuri. Kama nyumba inafukuza wapangaji kila miezi minane sababu ya maji ao sababu ya mwenye nyumba mukali, ile nyumba inamulisha kila mara. Sisemi kama wote wanafikiri hivyo. Kuko watu wa ajansi wenye kuheshimu jina lao, na mutu wao anakaaka mahali moja wakati murefu. Lakini usitegemee ajansi yenyewe ikuambie juu ya nini mupangaji wa mbele alitoka.

Neno "biro ya kweli" liko na faida kidogo. Biro inaweza kupatikana tena, komisionere wa chini ya muti hapana. Uangalie ku karatasi yao kama kuko nambari ya RCCM, ile ya rejistre ya biashara. Inaonyesha kama ajansi iko. Haionyeshi kama iko muzuri.

Na shefu? Hapo nitacheka kidogo. Mara mingi nyumba ya shefu inalipwa na kampuni, kwa kontra ya kampuni. Mwenye nyumba akimuzungusha shefu, anazungusha kampuni, na kesho anapoteza nyumba zingine tatu. Wewe wa ekipe utaenda kulia wapi? Shefu alipata ajansi yake, na wewe utapata ingine, hata kama ni mulango ule ule.

Kuko kitu kingine chenye watu wanaogopa kuuliza. Mutu mwenye anapeleka mupangaji kwa ajansi anaweza kupatiwa kitu: dola kumi, dola ishirini, madesu ya bana kama vile wa Kinshasa wanasemaka. Si zambi. Lakini inafaa ujue. Ukiuliza kwa heshima, hakuna mutu mwenye atakasirika: "Yaya, nikienda kwa jina lako, watakufikiria?" Akisema ndiyo, ni mutu wa kweli, na maneno yake uyapime vile. Akisema "mimi nasaidia tu", na kesho kazi unasikia alipeleka watu sita mwezi huu, basi wewe mwenyewe unaelewa.

Juu ya nini sisi watu wa mugodi tunaamini mbio namna hii? Sababu wazee wetu hawakutuachia ujuzi huu. Katika wakati wa Union Minière, na kisha Gécamines, mufanyakazi hakutafuta nyumba. Nambari ya kazi ilikuja na nyumba ya kambi, na posho, na hospitali, na masomo. Baba zetu walijua shimo, walijua treni, walijua namna ya kuongea na shefu wa kambi, komisionere hawakumujua. Katika mwaka wa 2003, wafanyakazi zaidi ya 10 000 waliondoka Gécamines katika ile operesheni ya kuondoka kwa mapenzi, wakiwa na dekonte mukononi. Ni pale wengi waliingia mara ya kwanza katika mambo ya kununua na kupanga. Leo mutoto wa kambi anafika Kolwezi ao Fungurume, hana mutu wa kumufundisha, na neno la mwenzake wa bisi linakuwa sheria.

Kwa kununua, hatari ni mukubwa zaidi, na hapa naomba wale wenye wanangojea dekonte wasome polepole. Kwa sheria ya mwaka wa 1973, udongo wa Congo ni wa Serikali. Mutu anapata haki ya kuutumia, na karatasi yenye kusimamisha haki ile ni moja: ile yenye imeandikwa juu yake "Certificat d'enregistrement", yenye inatoka kwa Conservateur des titres immobiliers. Fishi ya parsele, karatasi ya kuuzisha yenye shefu wa kartie alipiga tampo, hizo zinaonyesha njia tu, hazijafika. Na sertifika yenyewe inapata nguvu yake kamili kisha miaka mbili: tangu pale, isipokuwa mambo machache, mwenye kudai udongo anaweza kuomba malipo tu, hawezi kukutosha.

Kwa hiyo, mutu akikuambia "ajansi hii iliniuzishia parsele bila shida", umuombe sertifika, na uangalie mambo mawili: jina lake, na tarehe. Kama iko na karatasi ya kuuzisha tu, bado iko mu njia, na haijulikane kama parsele ile ile haikuuzishwa kwa mutu wa pili. Nimeona watu wanasifu ajansi huku wangali wanangojea wasikie nani atakuja na karatasi ingine. Wanasifu kwa moyo wote. Wanaogopa pia kusema kinyume, sababu kusema kinyume ni kukubali kama pesa ya miaka kumi na tano ya kazi iko mu hatari.

Ku Kolwezi tunaongeza kitu chenye mutu wa Lubumbashi anaweza kukosa kufikiri. Udongo wa juu na mawe ya chini havina mwenyewe mumoja. Haki ya mawe inafuata Kode ya mugodi, ile ya 2002 yenye ilibadilishwa mwaka wa 2018. Watu wa Kasulo walihamishwa mwaka wa 2017 sababu ya kobalti ya chini ya nyumba zao. Katika mwaka wa 2023, Amnesty International iliandika juu ya familia za Cité Gécamines zenye ziliondolewa wakati mugodi wa karibu ulikuwa unapanuka. Ajansi inaweza kuwa ya haki, karatasi zote safi, na bado haijui kama parsele iko ndani ya perimetre ya kampuni. Basi rafiki wa Lubumbashi akikupatia ajansi yake ya kule, umushukuru, lakini ajansi ile uiulize kwanza: mulikwisha kufika ku Cadastre minier juu ya kartie hii? Wakinyamaza, ujue.

Najua watu watasema: "Nani iko na wakati? Nyumba ya muzuri inaenda siku moja." Ni kweli, na mama mwenye watoto wanne mu chumba kimoja hawezi kufanya anketi kama polisi. Lakini kutafuta mutu mumoja mwenye alitoka katika nyumba ya ile ajansi hakuombi mwezi. Unasimama katika bisi, unasema: "Nani alihama mwaka huu? Garanti ilirudi? Ilirudi ngapi?" Watu watatu watajibu mbele bisi haijafika ku rond-point.

Kwa mama wa Manika tulijibu hivi: asiache ajansi ile, sababu hakuna neno mubaya lenye tulisikia juu yake. Lakini garanti asiiachie ku biro. Aipatie mwenye nyumba mwenyewe, mbele ya ajansi, na resi iwe na saini za wote watatu. Miezi tatu, hapana sita, na nambari ya sheria aiweke mu saki. Wakikataa, service ya Habitat iko ku komine. Hali ya nyumba iandikwe siku ile ile, hata kioo chenye kimepasuka. Na kesho, wakati bwana iko ku kazi, arudi peke yake ku nyumba yenye walionyeshwa, bila mutu wa ajansi, apige hodi kwa jirani wa mukono wa kuume, aulize mupangaji wa mbele alihamia wapi.