Mbegu Hailiwi

Kukhu alikuwa na sheria moja jikoni ambayo hakuna mjukuu aliyethubutu kuivunja. Mahindi ya mbegu, yakiwa yamefungwa kwa maganda yake, yalining'inia juu ya moto na kufukizwa moshi mpaka yakawa meusi. Mwezi wa tano njaa ilipobisha hodi, tukala mboga mpaka tukachoka, na yale mahindi tukayatazama tu. "Hayo si chakula," alikuwa akisema. "Hayo ni mwaka ujao."

Kukhu hakusoma chuo kikuu. Na pengine ni heri, maana vyuo vikuu vyetu vya umma vimezoea kula mbegu.

Ninazungumzia pesa za mbegu: zile hela kidogo ambazo chuo humpa mhadhiri wake ajaribu wazo kabla ya kwenda kubisha kwa wafadhili wakubwa. Na ninazitaka kwa ajili ya mikrobiomu. Ndugu msomaji, usikimbie. Najua neno lenyewe linasikika kama dawa ya kuogeshea ng'ombe. Maana yake ni jamii nzima ya vijidudu wanaoishi nasi, na ninaowataka hapa ni wale wa tumboni. Wapo wanaosaidia kusaga chakula, na wapo wanaoharibu.

Kwa nini Kakamega? Kwa sababu swali limeshaulizwa hapa, likaachwa njiani. Kuanzia mwaka 2012 wajawazito 8,246 wa kaunti za Kakamega, Bungoma na Vihiga waliandikishwa katika utafiti mkubwa uitwao WASH Benefits. Baadhi ya familia zilipewa klorini ya kutibu maji, nyingine vyoo bora, nyingine mahali pa kunawia mikono, nyingine lishe ya nyongeza kwa mtoto, na nyingine mchanganyiko wa hayo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Kuhara hakukupungua. Usafi haukuongeza kimo cha watoto. Waliopewa lishe ndio walioongezeka urefu, tena kidogo tu.

Hebu tulia hapo. Mama amenawa, ametia dawa majini, amechimba choo, na mtoto bado hakui inavyotakiwa. Wanasayansi wengi wanashuku utumbo wenyewe: ukuta wake umechakaa na vijidudu wake wamevurugika, hivyo chakula kinapita bila kujenga mwili. Kama ni hivyo, jibu liko ndani ya matumbo ya watoto wa Lurambi, Shinyalu na Khwisero. Nani ataenda kulitafuta?

Bangladesh walilitafuta kwao. Mwaka 2021 watafiti wa kituo cha icddr,b mjini Dhaka, pamoja na wenzao wa Marekani, walichapisha jaribio la chakula kilichoundwa kurekebisha vijidudu vya tumboni. Kilikuwa na dengu, soya, njugu karanga na ndizi mbichi. Watoto waliokila waliongeza uzito vizuri kuliko waliopewa chakula cha kawaida cha tiba, ingawa kile cha kawaida kilikuwa na kalori nyingi zaidi. Ndizi mbichi, jamani! Sisi tunazo, pamoja na wimbi, kunde, omena na mrenda. Je, chakula chetu kingefanya kazi hiyo? Huwezi kujua kwa kukisia, wala kwa kunakili vijidudu vya Dhaka.

Wala usitegemee vitabu. Mwaka 2022 watafiti waliozihesabu sampuli za mikrobiomu ya binadamu zilizo wazi kwa umma walikuta kwamba, kati ya zile ambazo asili yake inajulikana, zaidi ya asilimia 70 zimetoka Ulaya, Marekani na Kanada. Kumbe hilo "tumbo la kawaida" tunalofundishwa ni la mtu ambaye hajawahi kuonja mrenda.

Sipigani na wafadhili. Nasema tu kwamba mwenye kununua mbegu ndiye anayechagua zao. Ukiwaendea wanakuuliza: matokeo yako ya awali yako wapi? Bila pesa za mbegu huna matokeo ya awali, na bila matokeo hayo unabaki kuwa mkusanyaji wa choo kwa ajili ya swali la mtu mwingine.

Serikali yenyewe ilijua haya. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 iliunda Mfuko wa Taifa wa Utafiti na kuuahidi asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Hakuna mwaka hata mmoja ahadi hiyo imetimia.

Na hicho kidogo kinachofika? Rafiki yangu, mhadhiri wa chuo fulani cha umma, alitaka kulinganisha choo cha watoto mwezi wa njaa na baada ya mavuno. Ombi likapita, akapongezwa. Hela zikaja nusu, mwezi wa tisa, mahindi yakiwa yameshaingia ghalani. Mwezi wa njaa ulikuwa umekwenda zake. Akachukua sampuli za mavuno peke yake, stima ikapotea wikendi nzima, zikaoza. Ripoti ya matumizi ikadaiwa kwa wakati, lakini.

Utaniambia wahadhiri hawajalipwa vizuri, na kwamba mwaka 2025 walikaa kwenye mgomo wiki saba. Kweli, na walipwe! Lakini Kukhu naye hakuwa tajiri. Aliweka mbegu kwa sababu alikuwa maskini, asingeweza kuomba mbegu kila msimu kwa jirani. Tatizo letu ni kwamba hela zikipungua, utafiti hukatwa kwanza na posho za vikao hukatwa mwisho.

Leo kaunti zile tatu kila moja ina chuo kikuu cha umma: Masinde Muliro hapa Kakamega, Kibabii kule Bungoma, Kaimosi Friends kule Vihiga. Vianze na mambo matatu. Kwanza, mfuko mdogo wa mbegu usioguswa kwa shughuli nyingine, unaolipa wote kwa mkupuo ifikapo Januari, kabla ya mvua ndefu. Pili, friza moja ya nyuzi 80 chini ya sifuri, yenye jenereta, ambayo vyuo vyote vitatu vitaitumia pamoja. Tatu, kila mama aliyetoa sampuli ya mwanawe arudishiwe jibu, kwa lugha anayoielewa, nyumbani kwake.

Hayo hayahitaji mfadhili wa ng'ambo. Yanahitaji baraza la chuo lenye adabu ya jikoni kwa Kukhu. Mwezi wa tano utarudi, na kuna mtoto ambaye atakula, atashiba, na bado hatakua.