Chupa Kongwe Zisipakwe Rangi

Katika nyumba nyingi za Marekani, chupa za kioo zenye mdomo mpana, zile ambazo mabibi walisindikia pichi, nyanya na matango, zimehama jikoni na kuingia sebuleni. Zinawekwa maua, vifungo vya nguo, penseli, hata taa ndogondogo za betri. Ni matumizi mema. Kinachosikitisha ni pale fundi anapochukua chupa kongwe ya samawati na kuifunika kwa rangi ya kopo, au kuitoboa ili apitishe waya wa umeme.

Samawati ile ina historia yake. Tarehe 30 Novemba 1858, John Landis Mason, fundi bati, alipata hataza ya chupa yenye hesi shingoni na kifuniko cha kuzungusha. Hataza ilipokwisha muda mwaka 1879, viwanda vingi viliingia katika biashara hiyo. Waliotamba zaidi ni ndugu watano wa ukoo wa Ball, ambao mwaka 1887 walihamishia kazi yao Muncie, jimbo la Indiana, wakifuata gesi asilia ya kuwashia tanuri.

Samawati ya chupa zao ilitokana na chuma kilichomo katika mchanga wa Ziwa Michigan. Sehemu ya mchanga huo ilichotwa Hoosier Slide, kilima cha mchanga kilichosimama karibu mita 60 pale Michigan City. Mabehewa ya treni yalikibeba mwaka hadi mwaka, na kufikia 1920 pamebaki tambarare. Anayeishika chupa ya aina hiyo huenda ameshika kipande cha kilima ambacho hakipo tena.

Iweke dirishani asubuhi uitazame. Kitako, kwa kuwa ni kinene, kina samawati iliyokolea. Mabegani rangi inapungua. Viputo vya hewa vimenasa ndani ya kioo, na maandishi yaliyotokeza yanatupa kivuli chake ukutani. Ukiipaka rangi, hayo yote yamepotea.

Zambarau nayo ina kisa chake. Watengenezaji wa zamani walitia manganizi ili kuondoa ukijani na kupata kioo cheupe. Chupa hizo zikikaa juani kwa miaka mingi, hugeuka zambarau hafifu. Siku hizi wapo wauzaji wanaozipitisha kwenye mionzi ili zikolee haraka, kisha wanaziuza kama adimu. Huo ni udanganyifu, na wakusanyaji wana haki ya kulalamika.

Anayetaka kucheza na rangi hajakosa pa kuanzia. Chupa mpya zisizo na rangi zimejaa madukani na bei yake ni nafuu. Chupa za Ball zenye rangi ndani ya kioo chenyewe nazo zilitolewa upya: za samawati mwaka 2013, za kijani 2014, za zambarau 2015. Wanaochanganya gundi na rangi ya chakula wakumbuke kwamba mchanganyiko huo hubanduka ukipata maji, kwa hiyo haufai kwa maua mabichi wala kwa chakula. Mshumaa nao usiwekwe ukagusa ukuta wa chupa kongwe, maana joto la upande mmoja huipasua.

Arusha kuna mfano mzuri. Katika karakana ya Shanga, iliyoanza mwaka 2007, mafundi wenye ulemavu huyeyusha chupa zilizotupwa na kuzifanya bilauri na mapambo. Chupa zinazotumika pale ni taka, na kioo kinapata maisha ya pili bila kitu cha kale kuharibiwa.

Masoko ya vitu vya kale yanapaswa kudai kila chupa ibandikwe maelezo: rangi ya kiwandani, ya jua, ya mionzi au ya kupakwa. Muuzaji asiyeweza kueleza asilipwe bei ya chupa kongwe. Na kwa mafundi, brashi na keekee zibaki kwa chupa mpya, ambazo kiwanda kinaweza kutoa nyingine kesho.